Neoni Hafugwi Mmoja

Katika maduka ya samaki wa mapambo mauzo huenda kwa kunyoosha kidole. "Nipe wawili hawa wa buluu, wawili wale wenye milia, na yule mwekundu pale pembeni." Muuzaji anachota kwa wavu, anafunga mfuko, biashara imekwisha. Wiki mbili baadaye wa buluu amebaki mmoja, kajibana nyuma ya jiwe. Wenye milia wanawanyofoa wenzao mapezi. Na lawama zimeanza kugawanywa: maji ya bomba, chakula, muuzaji aliyetoa samaki wagonjwa. Huenda kila lawama ina chembe ya ukweli. Kosa kubwa, hata hivyo, lilifanyika dukani, wakati wa kuhesabu.

Samaki wadogo wanaopendwa zaidi kwenye matangi ya nyumbani karibu wote ni wa makundi. Wamo neoni na kardinali wa bonde la Amazoni, rasbora wa Asia ya Kusini-Mashariki, danio milia wa India na Bangladesh, barbi milia wa Sumatra, na yule mdogo mwenye mapezi mekundu aliyetoka vijito vya mlima Baiyun, karibu na Guangzhou nchini China. Wengi hawazidi sentimita 5, na hakuna hata mmoja aliyeumbwa kuishi peke yake. Ninavyoona mimi, anayetaka kuwafuga aanze na idadi, aende kwenye maji, kisha aulize samaki wametoka wapi. Rangi ndiyo humvuta mnunuzi, lakini hiyo hujileta yenyewe mengine yakikaa sawa.

Kwa nini samaki mdogo ajikusanye? Wavuvi wa dagaa wanaishi kwa tabia hiyo. Usiku wa giza taa inawashwa juu ya maji, wadudu wadogo wa majini wanausogelea mwanga, dagaa wanafuata, na wavu unakomba kundi zima. Dagaa wa Mwanza kwa nasaba yuko karibu na danio na barbi wa matangini. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini. Koo hizo mbili ziko mbali sana, lakini tabia ni ile ile, na hilo linaonyesha kwamba kuishi kwa makundi kulizuka zaidi ya mara moja kwa sababu kunalipa. Mwenye wavu ndiye anayefaidika na kundi. Mwindaji wa majini, anayekamata kwa mdomo samaki mmoja baada ya mwingine, kundi linamvuruga: jicho lake likimshika mmoja, wengine kumi wanapita mbele yake. Mwaka 1971 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alilieleza jambo hili kwa ukali zaidi. Kila mnyama, alisema, hujisogeza katikati ili mwenzake ndiye abaki ukingoni, karibu na meno. Kumbe umoja ule tunaousifu umejengwa na ubinafsi wa kila mmoja!

Kinachowaunganisha ni macho pamoja na mstari wa hisia unaopita ubavuni, ambao hupokea mtikisiko wa maji kutoka kwa jirani. Lakini iko njia ya tatu, na mfugaji anapaswa kuijua kuliko hizo mbili. Mwaka 1938 Karl von Frisch, mtafiti wa Austria ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alionyesha kwamba ngozi ya samaki fulani ikichanika hutoa kemikali majini, na wenzake wakiinusa hukurupuka na kujificha. Tetra (neoni na kardinali wamo), barbi na danio wote ni wa kundi hilo kubwa la samaki. Mtoni mkondo huisafirisha harufu ile na kuimaliza. Kwenye lita 40 za maji haina pa kwenda. Samaki mmoja akikwaruzwa na wavu, au akinyofolewa pezi na jirani mkorofi, tangi zima huambiwa kwamba mwindaji yumo ndani.

Hapa mnunuzi na samaki hupishana. Tunachokipenda dukani ni lile kundi lililoshikana, samaki thelathini wakigeuka kwa pamoja. Kushikana huko mara nyingi ni woga. Duka lina mwanga mkali, watu wanapita, wavu unaingia kila baada ya dakika chache, na majani ya kujificha hakuna. Neoni waliotulia nyumbani hulegea: wako pamoja, kila mmoja anaweza kuwaona wenzake, lakini huyu anachungulia chini ya jani, yule anadonoa mchanga, wawili wanatunishiana mapezi kugombea kona. Mfugaji mpya huliona hilo akadhani kundi limevunjika, akarudi dukani kuulizia dawa. Aliyeambiwa mapema angejua kwamba samaki wake wameacha kuogopa. Akitaka kuwaona wameshikana tena apige kiganja kwenye kioo, ingawa simshauri.

Sasa idadi. Mwaka 2010 watafiti nchini Uingereza walichapisha kazi waliyoifanya kwa samaki wa aina nne wanaofugwa sana majumbani, wakiwemo neoni, yule mdogo wa mlima Baiyun na barbi milia. Waliwaweka katika makundi ya ukubwa tofauti, kuanzia mmoja mmoja hadi kumi, wakaangalia mienendo. Kwa jumla, kundi lilipokuwa dogo dalili za msukosuko ziliongezeka, na lilipofika kumi samaki walionyesha zaidi mwenendo wa kundi. Vitabu vingi vya ufugaji husema sita, na sita imekuwa kama sheria. Naiona kuwa kiwango cha chini cha kumwezesha muuzaji kuuza kwa dhamiri safi. Kwa samaki wa sentimita 3 au 4, kumi ni mwanzo mzuri na kumi na tano ni bora. Barbi wenye milia ni ushahidi wa wazi kuliko wote: wakiwa watatu ni wakorofi, wanamaliza mapezi ya kila samaki mwenye mapezi marefu, wakiwa kumi na wawili ugomvi wao wanaumalizia wao kwa wao, kwa kufukuzana kusikojeruhi. Samaki mkorofi mara nyingi ni samaki aliyepungukiwa wenzake.

Nafasi ya kuwaweka kumi si kubwa kama watu wanavyodhani. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Ukiondoa mchanga na ile nafasi ya juu unabaki na kama lita 45, nazo zinatosha neoni kumi au kumi na wawili wakiwa peke yao. Fundi wa vioo anaweza kukutengenezea kwa silikoni, ila mwambie mapema asilisimamishe. Tangi la lita zile zile lililosimama wima lina nusu tu ya uso wa maji: sentimita za mraba 900 badala ya 1,800. Hewa huingilia kwenye uso. Isitoshe, samaki wa kundi huogelea kwenda mbele. Kwa danio hata sentimita 60 ni chache, maana yule ni mkimbiaji na anataka angalau 80. Bakuli la duara silijadili. Halifai samaki yeyote wa kundi, hata likiwa zuri namna gani mezani.

Kwenye maji ndiko ushauri unaoletwa kutoka Ulaya huanza kutupoteza, kwa sababu umeandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Wao sura ya kwanza ni hita. Mkazi wa Tanga au Mombasa hahitaji hita; tatizo lake ni joto. Sebuleni mwezi Februari maji ya tangi hufika nyuzi 29 au 30 bila kupashwa. Neoni hupenda nyuzi 20 hadi 26. Kardinali, binamu yake anayefanana naye isipokuwa wekundu wake unaoanzia kichwani hadi mkiani, hustahimili 24 hadi 30. Kwa pwani, basi, kardinali ndiye samaki, na neoni anayeuzwa kwa bei rahisi pembeni yake atafupishiwa maisha na joto. Nairobi, Arusha, Mbeya na Iringa mambo hugeuka. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 nje, na ndani ya nyumba isiyopashwa moto kardinali atateseka bila hita. Lakini yule mdogo wa mlima Baiyun anapenda nyuzi 16 hadi 22, hali ambayo nyumba nyingi za nyanda za juu zinayo bila gharama yoyote. Ninashangaa kwamba si yeye anayetawala matangi ya huko.

Joto lina mambo mawili mengine. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, wakati huo huo mwili wa samaki ukidai zaidi. Pili, kuna amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu yake kila saa, na bakteria wanaokaa kwenye filta na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea katika tangi jipya, ndiyo maana samaki wengi hufa mwezi wa kwanza ilhali maji yanang'aa kama ya chemchemi. Na sehemu ya amonia iliyo sumu haswa hutegemea pH. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali hiyo ya sumu. Ya pH 8 yana zaidi ya asilimia 5. Joto likipanda, kiasi hicho kinapanda pia.

Tazama sasa maana yake kwa mtu wa Unguja. Kisima chake kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu na yenye chokaa, pH imepita 7, na chumba kina joto. Uchafu ule ule ambao mwenzake wa Nairobi angesamehewa, kwake unaua. Akitaka kardinali inambidi atafute maji laini, nayo yapo bure: ya mvua. Ayakinge baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la mabati, ayachanganye na ya kisima badala ya kuyatumia matupu, kwa kuwa maji ya mvua hayana madini ya kushikilia pH, nayo inaweza kuporomoka ghafla. Asiyetaka usumbufu huo achague danio, anayevumilia maji magumu kwa subira kubwa. Anayetumia maji ya bomba naye ana klorini ya kuondoa. Ndoo iliyokaa wazi siku nzima huipunguza, na matone ya thiosalfeti ya sodiamu huimaliza mara moja.

Kardinali na neoni kwao ni kwenye maji yenye rangi ya chai ya rangi. Mto Negro, unaoungana na Amazoni karibu na Manaus, hupita kwenye misitu inayofurika, majani yakiozea humo, na maji yake yana pH ya kati ya 4 na 5 na karibu hayana madini. Wafugaji wa Asia na Ulaya huiga hali hiyo kwa majani makavu ya mkungu wanayonunua kwa pakiti. Mkungu! Mti huo huo unaopukutisha majani kwenye nyua zetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, na asubuhi tunayafagia na kuyachoma. Okota yaliyokauka yenyewe mtini, mbali na moshi wa magari na dawa za wadudu, yasuuze, weka mawili au matatu. Maji yatapata rangi ya hudhurungi, mwanga utapungua, na samaki watatoka mafichoni.

Mwanga hafifu ndio unaoufaa pia ule mstari wa buluu. Si rangi ya kupakwa. Ngozini mna vibamba vidogo vya guanini vinavyorudisha mwanga, na samaki anaweza kuvigeuza pembe. Usiku au akiwa na hofu mstari hufifia au kuhamia zambarau. Anayewasha taa alfajiri na kukuta neoni wamepauka asubiri kidogo kabla ya kutafuta dawa. Upaukaji unaobaki mchana kutwa na kuonekana kwa mabaka mgongoni, samaki akijitenga na wenzake, ni jambo jingine: huenda ni kimelea cha misuli ambacho mpaka sasa hakina tiba inayotegemewa. Mtoe huyo mapema. Wapya nao wakae wiki tatu au nne kwenye chombo cha pembeni kabla ya kuwachanganya.

Umeme ukikatika, filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ina faida kuliko zile kubwa za kung'aa: pampu ndogo ya betri inaweza kuichukua kazi mara moja. Muda huo usilishe. Samaki hawa wana matumbo madogo, na siku mbili bila chakula haziwadhuru, wakati chakula kilichobaki huoza na kula oksijeni. Viluilui vya mbu ni chakula wanachokipenda kupita vyote, nami nisingemshauri mtu yeyote avifuge kwenye ndoo uani mwake, katika nchi zenye malaria na dengue.

Suala la wapi samaki wametoka lina utata kuliko linavyosemwa, na wengi hulimaliza haraka: wa kufugwa ni wema, wa kuvuliwa porini ni uharibifu. Neoni unayemwona dukani karibu hakika ametotolewa kwenye mashamba ya Asia au Ulaya ya Mashariki. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1936 na George S. Myers, kwa heshima ya William T. Innes, mchapishaji wa Philadelphia. Tangu hapo amezalishwa vizazi vingi, na huvumilia maji ambayo babu yake asingeyaweza. Kardinali alipata jina lake mwaka 1956, kwa kinyang'anyiro: maelezo mawili yaliyopingana yalitoka, moja siku moja tu baada ya jingine, na tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ikalipa ushindi lile lililotangulia. Ndiyo maana jina lake lina heshima ya Herbert Axelrod, tajiri wa magazeti na vitabu vya ufugaji samaki. Kardinali, kwa miongo mingi, alivuliwa porini, hasa wilaya ya Barcelos kwenye Mto Negro.

Barcelos umejengwa juu ya samaki huyo. Wavuvi wake huingia kwa mitumbwi kwenye misitu iliyofurika, wakachota kwa nyavu ndogo za mkono. Mji una tamasha lake ambamo pande mbili hushindana, mmoja ukibeba bendera ya kardinali na mwingine ya samaki aitwaye diskasi. Mradi wa Piaba, ulioanza mwaka 1989 ukiongozwa na mwanabiolojia Ning Labbish Chao, umekuwa ukisisitiza jambo ambalo mtu wa mbali hulipinga kabla ya kulisikiliza: uvuvi huo unaulinda msitu. Kardinali porini wengi huishi kama mwaka mmoja. Maji yanapopungua, maelfu hunaswa kwenye madimbwi yanayokauka. Kuwavua kabla ya hapo hakupunguzi sana uzao wa mwaka unaofuata. Na mvuvi anayekula kutokana na kijito safi hana haja ya kukata miti wala kuchimba dhahabu. Kardinali wa mashambani wa Asia walipoanza kushusha bei, aliyepoteza ni yule aliyekuwa na sababu ya kuulinda mto. Hoja hii haimpi kila mvuvi wa porini cheti cha usafi. Inategemea samaki anayezaa haraka na mto ambao bado uko salama. Mlima Baiyun ni mfano wa upande wa pili: samaki wake mdogo, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1932, alizalishwa duniani kote, huku vijito vya kwao vikiharibiwa hadi ikadhaniwa kwa miaka mingi kwamba porini ametoweka, mpaka wachache waliosalia walipopatikana kwingine. Matangi yaliyojaa hayakuviokoa vijito vile.

Afrika nayo ina wake. Tetra wa Kongo, mwenye mng'ao wa upinde wa mvua na anayefika sentimita 8, ni samaki wa kundi anayependwa Ulaya kuliko anavyojulikana kwetu. Ziwa Tanganyika lina siprikromisi, wanaoelea kwa mamia mbele ya miamba, na kutoka Bujumbura na Kigoma samaki wa ziwa hilo wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwa miongo kadhaa. Ila maji yao ni magumu, pH yake ikikaribia 9. Ukimchanganya siprikromisi na kardinali mmoja wao ataumia, na tangi la lita 54 halimtoshi.

Kwa kuwa tuna maziwa haya, onyo moja haliwezi kuachwa. Ukichoka kufuga, usimwage samaki mtoni wala mtaroni. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 aliwafuta furu wengi ambao hawakuwahi hata kupewa majina. Neoni si sangara, lakini gapi na wenzake wameshaota mizizi kwenye mitaro mingi ya nchi za joto, na vimelea husafiri na samaki wa saizi yoyote. Mpe mfugaji mwingine, au mrudishe dukani.

Mwenye tangi moja la lita 54 na fedha za samaki kumi na wawili asiwagawe katika aina sita. Pwani achukue kardinali kumi na wawili, na majani ya mkungu. Nyanda za juu achukue wale wa mlima Baiyun idadi hiyo hiyo, na hita aiache dukani. Tangi lisubiri wiki sita likiwa na filta inayofanya kazi, likilishwa chembe za chakula ili bakteria waenee, ndipo samaki waingie kwa mafungu mawili. Kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Na muuzaji akikuambia wawili wanatosha, nenda duka jingine.